Chachu Iliyokataa Kufa

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kulifunga jalada kwa kamba, na sasa alikuwa amelilalia kwa kiwiko kama mtu anayeogopa lisije likamtoroka.

"Mke wa mtoto wa hao waokaji," alisema. "Aligombana na mama mkwe wake hadharani, mtaa mzima ukasikia. Jikoni kwake tumekuta mrututu. Ini la marehemu limejaa shaba, na mrututu ni shaba. Wifi yake anasema alimwona ameinamia sufuria ya chachu. Wewe Kobe unataka nini tena? Marehemu aamke aje kuweka dole gumba?"

Inspekta aliitwa Kobe tangu chuo cha polisi, kwa mwendo wake na kwa namna alivyotafuna kila jambo kabla ya kulimeza. Hakuwahi kulichukia jina hilo. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Nataka kujua mkate uliumukaje."

"Mkate gani?"

"Mkate wao, mkuu. Nyumba ile inaoka mikate ya kuuza. Sisi tunasema yule binti alimwaga mrututu ndani ya chachu, kwa sababu shaba tumeikuta humo, na kwa sababu kila mtu alijua mama mkwe wake huonja chachu mbichi kila asubuhi kabla ya kukanda. Kijiko kizima. Ndivyo alivyojua kama imeiva. Sawa?"

"Sawa. Na hicho kijiko ndicho kilichomuua."

"Lakini huo mrututu watu wanaupulizia nyanya ili kuua ukungu. Na chachu ni ukoo mmoja na ukungu. Ukimtegea mama mtu sumu humo, chachu inatangulia kufa kabla yake. Chachu ikifa, mkate unalala kama tofali. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwauliza wateja. Hakuna aliyewahi kuuziwa tofali. Mikate iliumuka mama akiugua, ikaumuka mpaka siku aliyofariki."

Mkuu alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda vitu vilivyofungwa kamba.

"Mwendesha mashtaka analitaka jalada hili leo, kabla hajafunga ofisi. Likishafika kwake, binti anahamishiwa gerezani kungoja kesi, na kesi yenyewe itasikilizwa Mungu akipenda. Ana mtoto anayenyonya yule. Usidhani silijui hilo. Una mpaka jioni."

"Jioni inanitosha."

"Kwa mwendo wako huo?"

Kobe alikwisha kufika mlangoni.

Maabara ya idara ya maji ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na supu iliyochacha. Mtaalamu wa vijidudu alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa miwani juu ya nywele na kuitafuta mezani. Polisi walizoea kumletea maji ya visima. Chachu ya mkate hawakuwahi kumletea, na tangu Kobe alipomkabidhi vile vichupa viwili, alikuwa amechangamka kama mtu aliyealikwa harusini.

"Nikumbushe vizuri vimetoka wapi," alisema, "nisije nikakusomea mkono usio wako."

"Cha kwanza ni chachu ya sufuria ya shaba, pale kwa waokaji. Cha pili ni ya chupa ya kioo, nyumbani kwa mtuhumiwa. Ni chachu moja. Alipohama nyumba ya wakwe zake, alimegewa kipande. Mule ndani anayeondoka hapewi kitanda wala godoro. Anapewa chachu."

"Hata kama ameondoka kwa ugomvi?"

"Hata kwa ugomvi. Walikosana kwa sababu alitaka watumie hamira ya dukani. Mama mkwe akamwambia, nenda na hamira yako, lakini chukua na hii, utakuja kuihitaji."

Mtaalamu alicheka puani, kisha akasukuma mbele visahani viwili vya kioo vyenye vifuniko. "Nimewaotesha kwenye chakula kilichotiwa shaba. Tazama mwenyewe."

Kisahani cha kwanza kilijaa madoa ya mviringo, manene, yaliyosongamana, yenye rangi ya kahawia kama kutu. Cha pili kilikuwa kitupu, cheupe, kama uwanja uliofagiliwa.

"Hawa wa kahawia ni wa sufuria," alisema. "Shaba imewabadilisha rangi, haikuwaua. Hao wa chupa wamekufa wote. Ndugu wa tumbo moja, Inspekta. Mmoja amekulia kwenye shaba, mwingine hajawahi kuionja."

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa shule. Mtoto mzito."

"Shaba kidogo kila kiumbe anaihitaji. Ikizidi, inawasha moto ndani ya seli. Inazaa kemikali kali zinazounguza kila zinachogusa. Sasa chachu ina njia mbili za kujitetea. Ya kwanza ni protini ndogo inayoikamata shaba na kuing'ang'ania isizurure."

"Pingu."

"Pingu, haya. Kuna jeni inayotengeneza pingu hizo. Ya pili ni kimeng'enya kinachozima zile kemikali kabla hazijaunguza kitu."

"Zimamoto."

"Ukitaka hivyo. Zimamoto wamo katika chachu zote mbili. Tofauti ni pingu. Chachu ya chupa ina nakala chache za jeni ile. Chachu ya sufuria inazo nakala zimepangana, moja baada ya nyingine, kama shanga."

Kobe aliinua kisahani cha kahawia, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Nani aliziongeza?"

"Hakuna mtu. Seli inapojinakili ili izae, mara moja moja hukosea, ikaiandika jeni ile mara mbili. Mahali pasipo shaba, kosa hilo halina faida. Penye shaba, aliyekosea hivyo ndiye anayeishi, na jirani yake aliyenakili bila kosa anakufa. Watoto wa mkosaji wanarithi. Baadhi yao wanakosea tena. Endelea hivyo, na mwisho sufuria nzima ni wajukuu wa makosa."

"Hayo yanatokea kwa siku moja?"

"Hapana. Ukimwaga mrututu leo, kwa kiasi cha kumdhuru mtu kwa kijiko, unaua karibu chachu yote leo hii. Mwokaji ataona donge lake limelala. Hii ililelewa na shaba kidogo, ikaongezeka kidogo, kila siku, miezi na miezi. Lakini usiende mahakamani kunitajia tarehe. Vijidudu hawaweki kalenda."

Kobe alilitafuna hilo. Mtaalamu akamwacha atafune. Akaanza kuitafuta miwani yake.

"Iko kichwani," Kobe alisema. "Mtu mwenye subira na roho mbaya angeweza kutia mrututu kidogo kidogo. Punje leo, punje kesho."

"Hilo nililingoja. Mrututu si shaba peke yake. Ni shaba na salfeti, wamefunga ndoa. Ukiutia kwenye chachu, wote wawili wanaingia. Nimepima salfeti kwenye sufuria na kwenye chupa. Ni sawasawa, ile ya kawaida ya unga na maji. Kwa hiyo shaba iliingia kwenye sufuria bila mwenzake."

"Kwa hiyo mrututu haukutumika."

"Mrututu haumo."

"Shaba isiyo ya mrututu inatoka wapi?"

"Mimi nasoma vijidudu, Inspekta. Watu na vyombo vyao ni kazi yako."

Kobe alikwenda kwa waokaji kwa miguu, maana alifikiri vizuri zaidi akitembea. Mrututu uliokutwa jikoni kwa binti ulikuwa wa nyanya, kama alivyosema mwenyewe, na nyanya zenyewe zilikuwapo ua wa nyuma, zimenyauka kwa kukosa mwenyewe wa kuzimwagilia. Hiyo ilikuwa njia iliyokwisha. Ikabaki sufuria. Sufuria ilikuwa ya shaba tangu enzi za bibi, na waliokula chachu yake walizeeka na kufa kwa uzee. Chachu iliyomegwa siku binti alipohama haikujua shaba. Basi kitu kilibadilika baada ya kuhama kwake, na kilibadilikia ndani ya chumba ambacho yeye hakuwa na ufunguo wake tena. Walioingia humo kila siku walikuwa watatu: marehemu, mumewe, na binti yao mkubwa, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, wiki ileile wifi yake alipofungasha.

Huyo binti mkubwa ndiye aliyemkuta mlangoni, mikono imezama kwenye beseni la povu. Mtaani walimwita Mama Sabuni, na yeye alilichukua jina hilo kama cheo.

"Umekuja na habari ya kunyongwa kwake," aliuliza, "au umekuja kununua mkate?"

"Mkate, kama umebaki."

"Umebaki mgumu. Unawafaa watu wenye meno ya serikali."

Ndani, mdogo wake wa kiume, mume wa mtuhumiwa, aliyerudi kusaidia tangu mkewe akamatwe, alikuwa akikanda unga na mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge. Kila alipousukuma unga, mtoto aliyumba, akanyamaza. Alimtazama Kobe mara moja tu, macho mekundu, akarudi kwenye unga wake. Mzee mwokaji alikaa karibu na tanuri. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, na mikono yake ilitua magotini kama vyombo vilivyooshwa vikaanikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Kaa mbali na moto. Nguo za serikali zinashika haraka."

"Naomba kuiona sufuria ya chachu."

"Mliichota mkaondoka nayo," binti mkubwa alisema.

"Tulichota chachu. Leo nataka chombo."

Aliitoa rafuni, akaikumbatia kifuani kabla ya kuiweka mezani. Nje ilikuwa nyeusi kwa masizi ya miaka. Ndani iliwaka nyekundu, safi, laini, kama shavu la tunda lililoiva. Kobe akaona sura yake mwenyewe imeinama humo chini.

"Inang'aa," alisema.

"Si inang'aa?" Ukali ulimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza Kobe aliona alivyofanana na picha ya marehemu ukutani. "Ungeiona nilivyoikuta. Aibu. Wifi yangu alikuwa akiisuuza kwa maji tu, basi, anasema ndivyo alivyoelekezwa. Kila nilipoinua chachu kuipa unga mpya, niliisugua. Mchanga mlaini, ndimu, halafu ule waya wa kusugulia masufuria. Mwanzoni lile jivujivu liligoma. Nilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Mama alinikuta, akaniambia, mwanangu, leo umenirudishia sufuria ya mama mkwe wangu. Akasema chachu nayo imekuwa na ladha kali, ladha ya nguvu."

"Jivujivu," Kobe alirudia. "Lilikuwa wapi? Nje au ndani?"

"Ndani. Nje si unaona, nje ni ya moto, haina dawa."

Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yao.

"Ndani ina rangi gani sasa?" aliuliza.

"Nyekundu, baba. Kama mpya."

"Nyekundu ndani?"

"Kabisa."

Mzee alinyoosha mkono. Binti akausogeza mpaka kwenye mdomo wa sufuria, na mzee akashusha vidole ndani, akavipitisha polepole kuzunguka ukuta, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto wake gizani. Chini ya ukingo, pale ambapo shaba ilijikunja na waya usingeweza kufika, vidole vikasimama. Kobe akainama akaona kilichovisimamisha: utepe mwembamba wa rangi ya kijivu.

"Hilo lilikuwa bati, mwanangu," mzee alisema. "Sufuria ya shaba haiwekwi kitu kichachu mpaka itiwe bati ndani. Mama yangu alimwita fundi akaliyeyusha, akalipaka lote. Halipaswi kusuguliwa. Linasuuzwa."

"Lile lilikuwa ukoko, baba."

"Lilikuwa bati."

Yule kijana aliacha kukanda. Kwenye tanuri kuni ilipasuka, na mtoto akashtuka mgongoni mwa baba yake, akalia kidogo, akabembelezwa kwa kuyumbishwa.

Kobe aliyasema yaliyobaki kwa sauti ya chini, bila kuyapamba, maana alijua kwamba habari ya namna hii ikipambwa inauma zaidi. Uchachu unaila shaba tupu na kuitoa ukutani. Mwanzo ilitoka kidogo, bati likiwa limekwanguka sehemu tu, na chachu ikapata muda wa kuizoea. Bati lilivyozidi kwisha, shaba ilizidi. Chachu iliyozoea haikutoa ishara, iliendelea kuumua mikate kama kawaida, na kwenye mikate hiyo ilichanganywa na unga mwingi, kwa hiyo wateja hawakupata kiasi cha kuwadhuru. Anayeonja mbichi, kijiko kizima, kila asubuhi, na ini lake lina ugonjwa wa zamani, huyo alikuwa akijaza kibaba kidogo kidogo.

"Mama yenu alikuwa na ugonjwa wa ini tangu ujana wake," mzee alisema. "Daktari alishamwambia."

Binti mkubwa alitazama viganja vyake. Alivitazama upande huu, akavigeuza. Kisha akavificha chini ya aproni.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sheria haina jina la jambo hili," Kobe alisema. "Hukukusudia, na hapakuwa na mtu wa kukwambia. Kwa sufuria sina swali jingine. Swali langu ni kuhusu maelezo yako. Uliandikisha kwamba ulimwona wifi yako ameinamia chachu, siku chache kabla mama hajalazwa. Ulimwona?"

"Alikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Alikuja kumjulia mama hali. Nilimzuia mlangoni."

"Mlangoni siyo sufuriani."

Binti mkubwa akaisogeza sufuria mbali naye.

"Dada," mdogo wake alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza, na aliliacha peke yake.

"Nisikilize," Kobe alisema. "Mkuu wangu atalipeleka jalada jioni hii. Barua ya maabara nitaiweka ndani, lakini juu yake litakaa neno lako, kwamba kuna jicho lililoona. Barua na jicho vitakwenda kushindana mahakamani, na vikishindana wifi yako atakuwa ndani. Ukiliondoa neno lako, mkuu hana cha kupeleka. Ila ukiliondoa utaulizwa mbona ulilisema. Onyo utalipata, pengine na zaidi ya onyo. Siwezi kukuahidi."

"Ulisema kweli, afande?" mzee aliuliza. "Kwamba sheria haina jina la hili la sufuria?"

"Haina, mzee."

"Lakini la uongo inalo."

"Inalo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hakumwambia binti yake aende wala asiende. Alirudisha mikono magotini, akangoja, na binti akasimama pale akimtazama baba asiyemwona, muda mrefu kuliko Kobe alivyopenda, maana mchana ulikuwa ukienda. Hatimaye akafungua aproni, akaikunja vizuri, ukingo kwa ukingo, akaiweka mezani.

"Nipe njia," alimwambia Kobe. "Unaziba mlango."

Mkuu wa kituo aliyasikiliza maelezo mapya akiwa amesimama. Yalipokwisha aliifungua kamba ya jalada kwa kucha, akalalamika kwamba fundo limekaza, akatoa karatasi ya mashtaka na kuipiga mstari mmoja. Kwa binti mkubwa alisema kwa ukali kwamba ataitwa, tena asisafiri. Kisha akamsukumia Kobe bakuli la karanga lililokuwa mezani kwake.

Mtuhumiwa aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa amekonda, na kifuani gauni lake lilikuwa na madoa mawili ya maziwa yaliyokauka. Alimwona wifi yake, akasimama alipo.

"Unaachiliwa," Kobe alimwambia. "Hakuna aliyemtilia mama yenu sumu."

"Sasa alikufa na nini?"

Kobe alifungua kinywa. Binti mkubwa akamtangulia.

"Na mimi, wifi. Niliisugua sufuria mpaka nikaondoa bati lake. Nilidhani ni uchafu. Shaba ikaingia kwenye chachu, na mama akaionja."

Yule mwingine alimtazama usoni.

"Na mimi ulisema uliniona."

"Nilisema."

"Uliniona?"

"Sikukuona."

Karani aliyekuwa akipiga mihuri aliacha kupiga.

"Hilo la sufuria," yule aliyeachiliwa alisema, "sina neno nalo. Ningebaki pale, labda siku moja na mimi ningesugua. Mama mwenyewe aliona ikamfurahisha. Lakini hilo la kuniona, wifi, utanipa muda. Si leo. Leo usinishike hata mkono."

"Sikushiki."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mgongoni kwa baba yake. Anakunywa maziwa ya kikombe, anayatema."

"Anatema kwa nani?"

"Kwangu mimi. Zaidi kwangu."

"Afadhali," alisema, akachukua viatu vyake kwenye kaunta, akavivaa.

Kobe aliwafungulia mlango. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja, hawakuwa na namna. Walishuka ngazi, mwenye mtoto mbele, wifi yake nyuma, na nafasi waliyoiacha katikati yao ingemtosha mtu wa tatu kutembea.